Sarafu za Ungo wa Mapacha

Edouard alikuwa amechoka hata kabla kilio hakijaingia uani kwake. Tuliseme hili mapema, maana ukipita mtaani kwake Kamalondo watakuambia kwamba kifo cha ndugu yake ndicho kilichomkunja mgongo. Si kweli. Mtu anayeinama juu ya cherehani tangu ujana, na jioni akainama tena juu ya sarafu za watu, mgongo wake hujikunja wenyewe bila kusubiri msiba.

Kazi iliyomlisha ilikuwa ushonaji. Alishona sare za kwaya, makoti ya harusi, na suruali za wanaume waliokataa kukubali kwamba wamenenepa. Lakini jina lake lilivuka mtaa kwa jambo jingine: alizijua sarafu za kale. Ulimletea kipande chochote, akakiweka kiganjani, akakigeuza kwa kidole gumba, akakigonga kidogo kwenye chuma cha cherehani na kusikiliza, kisha akakuambia ni cha nani na cha lini. Hii yenye tundu katikati na nyota ni ya enzi ya Leopold. Wazee walizitunga kwenye kamba kama samaki. Hii ya pembe sita yenye tembo ni ya wakati wa vita ya Hitler. Hii nyepesi ya alumini ni ya siku za mwisho za Wabelgiji, bila shaka walishaanza kupunguza uzito wa mizigo. Utani huo aliurudia miaka yote, na mkewe Edith alikuwa ameacha kuucheka zamani sana.

Ubaya wa kujua kitu ni kwamba watu hawaji kwako kutafuta ukweli, wanakuja kutafuta utajiri. Miaka hii ya simu, mtu asiyejulikana alieneza sauti kwenye WhatsApp kwamba sarafu ya tembo ina zebaki nyekundu ndani yake, na kwamba wako wanunuzi wa ng'ambo wanaotoa nyumba nzima kwa kipande kimoja. Tangu siku hiyo Edouard hakupumua. Walimjia kabla hajavaa miwani. Mwanamke mmoja alifika na sarafu moja na mchoro wa nyumba atakayojenga, vyumba vyote vimekwisha kugawiwa watoto. Mwingine alileta kizibo cha bia kilichopondwa na treni, akaapa kwamba marehemu babu yake alipewa na mfalme mwenyewe. Kwa wote hao neno lilikuwa moja, hapana, na neno hapana ukilisema kutwa huacha uchungu mdomoni. Wengine walimshukuru. Wengi waliondoka wakinung'unika kwamba mzee huyu anataka tu kuwatisha ili azinunue kwa bei ya karanga.

Edith alimwambia aache. Alijibu kwamba angeacha, na kesho yake akafungua tena mlango. Tuseme nini? Penye mapenzi hapana ushauri. Zile sarafu alikuwa nazo tangu siku ya kwanza ya maisha yake, na hapo sitii chumvi.

Edouard alizaliwa pacha. Yeye na Stanislas walikuja duniani mwaka 1962, katika Kamalondo hiyohiyo, wakati Katanga ilipokuwa imejitenga na ina bendera yake, stempu zake na sarafu zake. Baba yao alikuwa fundi wa reli, mtu wa Mitwaba, Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza kila Jumapili. Lakini padre ni padre na mapacha ni mapacha. Majina ya Kizungu waliyapata kanisani. Nyumbani Edouard aliitwa Kapya na Stanislas Mpundu, majina ya mapacha, na mama yao aliketishwa mlangoni akiwa na ungo magotini.

Desturi ya ukoo wao ilikuwa hivi. Anayekuja kuwaona mapacha harushi kitu kimoja ndani ya ungo. Anarusha viwili vinavyofanana, kimoja kwa kila mtoto, ili asiwepo wa kununa. Watu wakaja na walichokuwa nacho mfukoni: tembo wawili wa pembe sita, wafalme wawili wenye ndevu, nyota mbili za tundu zilizokwisha kulika, na zile mpya za Katanga yenyewe, zenye kichane cha ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Sarafu za ungo hazinunui chumvi. Hukaa pamoja mpaka pacha mmoja afe. Hapo fungu lake huzikwa naye, na fungu la aliyebaki humngoja mwenyewe. Siku yake ikifika, huko waliko wazee, watalinganisha sarafu kwa sarafu, na kila moja ikipata mwenzake ndipo watakapotambuana na kuwa mapacha tena. Maana kifo, walisema watu wa Mitwaba, humfuta mtu uso.

Mama yao aliziweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Siku za mvua aliliteremsha ili watoto wacheze bila kutoka nje. Stanislas alizipanga kuwa timu mbili za mpira, akafunga magoli, akachoka, akaenda kuulizia chakula. Edouard alibaki sakafuni. Alitaka kujua yule mwenye ndevu ni nani, kwa nini tembo huyu ana pembe ndefu na yule fupi, na kwa nini nchi moja ilibadilisha uso wake mara nyingi hivyo. Hakuna aliyeweza kumjibu, na hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake. Akaanza kuuliza kwa wauza vyuma chakavu, kwa masista, kwa mtu yeyote aliyekuwa na kitabu chenye picha. Alipoanza kujifunza ushonaji, tayari alikuwa na mikebe mitatu ya vifungo ambayo ndani yake hamkuwa na kifungo hata kimoja.

Walifanana mapacha hao mpaka inaudhi. Mwalimu aliwachapa wote wawili kwa kosa la mmoja, ili kuwa na uhakika. Mama yao peke yake hakuwahi kukosea, hata akiwa amewapa mgongo, na alipoulizwa anawajuaje alikasirika kana kwamba ameulizwa anajuaje mkono wake wa kulia.

Mama alipofariki, Stanislas alikuwa amekwisha kuamua kurudi Mitwaba. Mjini kazi zilikuwa zimekauka, naye hakuwa mtu wa kukaa kimya akingoja. Alikwenda kulima mahindi na muhogo na kuuza chumvi na sabuni kijijini, akaridhika, jambo ambalo Edouard hakulielewa hata kidogo. Siku ya kuondoka aliliangalia lile kopo, akalisukuma upande wa ndugu yake alitunze.

“Bika yote, weye njo uko na macho ya kuiona,” alisema. “Miye siku nikifa, utanitolea yangu.”

Basi akaziacha kwa mtu anayezipenda. Kumbe hapo ndipo palipokuwa na hatari.

Mkusanyaji wa sarafu ana neno moja baya, nalo ni doublon. Kitu ulicho nacho mara mbili. Mkusanyaji akiwa na mbili zinazofanana, moja ni hazina na nyingine ni nauli ya kufikia ile asiyokuwa nayo. Kwanza alikuwako Mgiriki mmoja mwenye duka, ambaye alikuwa na kipande cha enzi ya Leopold ambacho Edouard alikiota usiku. Akampa tembo mmoja, maana alikuwa na wawili. Kisha mwalimu mmoja wa historia, akachukua mfalme na nyota. Kila mara Edouard aliziweka mbili mezani, akazitazama kwa miwani, akabakiza ile iliyo safi zaidi, akatoa nyingine. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Hakufanya siri, Edith alijua, marafiki walijua, na Stanislas mwenyewe alipokuja mjini hakuuliza. Yeye aliweka juu ya cherehani kipande alichokiokota shambani, akasema, “Ona kama iko na jina,” akaenda jikoni. Na Edouard hakuwahi, hata moyoni, kuziita zile alizotoa sarafu za ndugu yake. Aliziita doublon.

Ya mwisho kutoka ilikuwa moja ya ndizi na msalaba. Aliibadilisha kwa Symphorien, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo mwenye ghala Kenya, mtaa wa palepale mjini, akapata sarafu kubwa ya fedha yenye tembo, ya mwaka 1944. Siku hiyo alirudi nyumbani anaimba. Edith anaikumbuka kwa sababu mumewe hakuimba tena tangu hapo.

Stanislas aliletwa mjini kwa lori, juu ya magunia ya mahindi, tumbo limevimba na miguu imekonda. Alilazwa hospitali, akacheka na wauguzi, akaonekana anapata nafuu, akafa. Edouard alipokuja na uji wa asubuhi alikuta kitanda kimekwisha kutandikwa. Alisimama pale na chupa ya uji mkononi mpaka muuguzi akaja kumpokea, na kitu pekee alichokifikiria ni kwamba mikono inamuuma.

Kilio kikawekwa uani kwake, chini ya turubai la kukodi. Kwao pacha haliliwi kwa mayowe, anaimbiwa, na wanawake wakaimba. Edouard aliingia ndani kumshonea ndugu yake suti ya kuzikiwa. Hakuwa na vipimo vyake, kwa hiyo alijipima mwenyewe, kama alivyofanya kila alipomshonea maisha yake yote, kisha akapunguza pande zote kwa sababu ya ugonjwa. Kupunguza kule kulimchosha kuliko kushona koti zima. Kila aliporudisha kitambaa ndani aliona ni kingi mno, akafumua, akapima tena, akarudisha kilekile.

Siku ya kuamkia maziko akafika Mama Nkandu kutoka Mitwaba, dada mdogo wa baba yao, mwanamke aliyepita miaka themanini na asiyeweza kuinama ila bado anaona. Vumbi la lori lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Alisaidiwa kukaa kwenye mkeka, akakataa chai, akamtuma mtu sokoni kununua ungo mpya kwa sababu ule wa zamani ulikwisha kuliwa na mchwa. Ulipofika aliuweka magotini, akamwita Edouard.

“Kapya, baba, fungu ya Mpundu itoke,” alisema. “Kesho tunamuzika, na mutoto wa mapasa haende mikono bule. Akienda bule, siku yako ikifika atakupita pa njia. Atasema huyu ni muntu tu.”

Edouard alisema ndiyo, Mama. Akageuka aondoke, lakini shangazi hakuwa amemaliza.

“Ile ya ndizi, miye njo niliirusha. Mbili. Baba alikuwa amenipatia ya kununua biatu, miye nikarusha mu ungo.”

Edouard aliingia chumbani, akafunga mlango, akateremsha kopo la biskuti. Hakuhitaji kuhesabu. Tembo mmoja wa pembe sita. Mfalme mmoja. Nyota moja. Ndizi moja. Zote safi, zote zimechaguliwa kwa miwani, na hakuna hata moja iliyokuwa na mwenzake. Aliketi kitandani akahisi uchovu unampanda kutoka miguuni hadi kichwani, ule uchovu usioondolewa na usingizi. Akifungua kopo hili mbele ya shangazi yake, atampa marehemu nini, na yeye abaki na nini?

Mtu aliyechoka hutafuta njia fupi. Akakumbuka kwamba ya Mgiriki na za mwalimu zilikwisha kupotea na wenyewe, lakini ya mwisho ilikuwa Kenya, kwenye albamu ya Symphorien. Na Symphorien alikuwa na nyingi za aina zote. Akapanda pikipiki akaenda, bila kumwambia mtu.

Ghala la Symphorien lilinukia sabuni na samaki wakavu. Alikuwa mtu wa maombi na wa hesabu, mwenye tumbo na moyo mkubwa vilevile, na alikuwa amepata habari ya msiba tayari. Aliwaondoa wateja, akaleta kiti, akasikiliza habari ya shangazi na ungo, akaleta albamu yake yenye kurasa za plastiki, akaifungulia mahali penye ndizi. Zilikuwa tano au sita, zimelala kwenye vifuko vyake, kila moja na kichane chake, kila moja na mwaka wa 1961.

Edouard alivaa miwani. Alizitoa moja moja. Alizigeuza, akazipima kwa kiganja, akaigonga kila moja kwenye ukingo wa mizani na kusikiliza. Huyu ndiye mtu aliyeweza kukuambia sarafu ilikaa ardhini au mfukoni, ilipita kwenye moto au kwenye maji. Moja ilikuwa imelika zaidi upande wa msalaba. Nyingine ilikuwa na mkwaruzo kwenye ndizi ya juu. Alitafuta alama yoyote, kumbukumbu yoyote ya siku ile aliyoziweka mbili mezani na kuichagua moja. Kitu alichokumbuka ni ile aliyoibakiza. Ile aliyoitoa hakuwa ameitazama vizuri.

Symphorien alimwuliza ni ipi.

Edouard akasema hajui. Alilisema taratibu, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akavaa tena, akatazama upya, na bado hakujua. Ndipo machozi yalipomtoka, yeye ambaye hospitalini hayakumtoka, akalia juu ya albamu ya mtu mwingine katikati ya katoni za sabuni. Alilia kwa aibu na kwa huzuni, na pia kwa kuchoka, maana kuchoka nako kuna machozi yake.

Symphorien alimwacha amalize. Kisha akazikusanya zote, akaongeza tembo, mfalme na nyota ya tundu kutoka kurasa nyingine, akazifunga kwenye karatasi.

“Mzee Edouard, chukua byote, ni bya bure,” alisema. “Mutu mwenye alikufa hasomake mwaka. Shangazi ataona sarafu, roho yake itatulia, na yako itatulia.”

Lilikuwa neno la upendo, na lilikuwa na akili ndani yake. Edouard alishukuru kwa mikono miwili. Njiani, pikipiki ikikwepa mashimo na watu wa soko, alipanga mambo kama mtu anayekata kitambaa. Zile za Symphorien zitaingia kwenye ungo, fungu la Stanislas hilo. Zake mwenyewe, zile safi za kopo, zitabaki mahali pake. Shangazi atakuwa ametii wazee, kilio kitakwisha, na yeye ataweza kulala. Nani atasema nini? Sarafu za ndizi zote zilitoka kiwanda kimoja.

Asubuhi mwili ukaletwa kutoka mochari, jeneza likawekwa kwenye viti viwili katikati ya ua. Edouard alikuwa amevaa koti lake jeusi. Mfuko wa kulia ulikuwa na karatasi ya Symphorien. Mfuko wa kushoto ulikuwa na zile za kopo, amezifunga kwenye kipande cha bitana. Alipoulizwa baadaye na Edith kwa nini alizibeba ikiwa nia yake ilikuwa kuziacha nyumbani, aliinamia cherehani akaendelea kushona. Huenda aliogopa kuziacha peke yake na nyumba imejaa watu. Huenda miguu ilijua kabla ya kichwa.

Mama Nkandu alisimama upande wa kichwa, ameshikwa mkono, ungo umeegemezwa tumboni. Wimbo ukapungua. Akamwita Kapya asogee.

Edouard akasogea, akamtazama ndugu yake. Suti ilikuwa imekaa vizuri. Mabega yalikuwa mabega yake mwenyewe. Ugonjwa ulikuwa umeondoka usoni, kama unavyofanya wakati mwingine ukishapata ulichotaka, na uso uliobaki ulikuwa ule anaoutazama kila siku akinyoa ndevu. Alijiona amelala pale. Alijiona pia anafika huko kwa wazee siku moja, na ndugu yake anampokea akiwa na furaha, anakunjua karatasi, na ndani yake mna sarafu za watu wasiojulikana, zilizorushwa kwa harusi ya nani sijui, zilizonunulia mafuta na mkate na pombe. Stanislas angezitazama kwa uvumilivu wake wote. Angeuliza kama zina jina.

Mkono wa kulia ulikuwa tayari mfukoni. Akautoa mtupu.

Kwa mkono wa kushoto akatoa bitana, akaifungua juu ya ungo. Sarafu zikaanguka moja moja, tembo, mfalme, nyota, na ya mwisho ndizi na msalaba, safi kana kwamba imetoka kiwandani jana. Mama Nkandu alizipekua kwa kidole mpaka akaipata ile yake. Aliinua uso.

“Hii njo fungu ya nani?”

“Ya Mpundu, Mama.”

“Na yako iko wapi?”

Hapa watu wote walisikia. Mfuko wa kulia ulikuwa mzito. Ingemtosha kuingiza mkono, kuonyesha karatasi, na kusema hizi hapa. Shangazi yake angetikisa kichwa kwa kuridhika, na kila mtu angeenda makaburini kwa amani. Edouard alikuwa amechoka sana kiasi kwamba aliuona uongo huo kama kiti cha kupumzikia.

“Yangu nilibadilishaka na bantu,” alisema. “Moja moja, mpaka ikaisha. Yenye ilibakia ni yake.”

Hakuna aliyeweza kusema vinginevyo. Nani angejua ni ipi iliyorushwa kwa nani, miaka ile yote, ndani ya ungo mmoja? Hata mimi ninayesimulia sijui. Ila Edith, aliyekuwa kwenye mstari wa wanawake, alielewa mara moja mume wake amefanya nini, akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

Mama Nkandu hakumkaripia. Aliumimina ungo taratibu mkononi mwa marehemu, akavifunga vidole juu ya sarafu kimoja kimoja, vidole vilivyokuwa vimekakamaa na visivyotaka, mpaka vikakubali. Kisha akamgeukia aliye hai, na sauti yake haikuwa kali, ilikuwa ya mzee anayemhurumia mtoto.

“Sasa weye, baba, siku yako utafika mikono bule. Mpundu atakutambua na nini?”

Edouard alitazama mkono wa ndugu yake uliofumbwa. Maisha yake yote watu walimletea vitu awaambie ni nini, naye aliwaambia, na mara nyingi aliwavunja moyo. Jana ghalani alikuwa ameshindwa. Alitaka kumjibu shangazi yake kwa uhakika, lakini hakuwa nao. Alikuwa na uso ule tu mbele yake, ambao baada ya muda mfupi ungefunikwa.

“Hatanitambua, Mama,” alisema. “Miye njo nitamutafuta.”

Fundi seremala akauliza kama afunge. Mama Nkandu akasema ngoja. Akamshika Edouard mkono, akamsogeza karibu zaidi, akamwambia amwangalie vizuri basi, asiharakishe, na watu wote wakangoja uani katika jua hadi alipomaliza.